Yah: Kucheleweshwa kwa Ndoa Yangu na Klabu Yenu

Sufian Mgaza,
Duka Na. 17, ghorofa ya pili,
Mtaa wa Dengfeng, Xiaobei,
Guangzhou, China.

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Mwenyekiti,
Klabu ya Soka ya Tokinohama,
Ligi Daraja la Tatu,
Japani.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na watu wa nyumbani kwako, na wachezaji wako wote magoti yao yakiwa salama, hasa namba tisa, ambaye goti lake la kulia nalijua kuliko ninavyoyajua ya kwangu. Mimi sijambo. Nasema sijambo kwa sababu ndivyo barua inavyoanza. Ukweli utaukuta huko mbele.

Jina langu ni Sufian Mgaza, mzaliwa wa Tanga, mfanyabiashara wa nguo hapa Guangzhou, mwaka wa kumi na mbili huu. Nina miaka thelathini na tisa. Nimeposa. Niliposa mwezi wa Machi 2019, na mpaka leo ninavyoandika bado naposa, na sababu ya kuposa bila kuoa ni ninyi.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa Kichina changu ni cha kupatana bei na Kiingereza changu ni cha kujaza fomu, na jambo hili linataka lugha ambayo nikikasirika hainiachi njiani. Rafiki yangu Kassian, mwanafunzi wa chuo kikuu hapa, mtu wa Muleba, aliwahi kukaa mwaka mzima Osaka na Kijapani chake anakijua vizuri. Yeye ndiye atakayekutafsiria. Nimemwomba asipunguze ukali na asiongeze madaha yake.

Kwanza nikueleze tulivyojuana, maana najua hunijui.

Mwaka 2018 nilikwenda Guangyuan Xilu, kwenye yale majengo ya nguo za jumla karibu na stesheni, kutafuta fulana za michezo. Laobani mmoja, yaani bosi mwenye duka, mama wa makamo aliyekuwa anakula tambi, akanionyesha marobota ya jezi za kijani na njano. Mabaki ya oda, mpya kabisa, kifuani pana korongo amesimama kwa mguu mmoja. Mwenyekiti, wewe hujui kijani na njano ni kitu gani kwetu. Nusu ya nchi inalala na kuamka na rangi hizo. Sikuuliza ni timu gani. Niliona kijani, nikaona njano, nikaona nyumba yangu ya ghorofa pale Tanga ikiwa imeshapigwa rangi. Nikachukua jezi elfu moja na mia mbili.

Nilituma nyumbani mia mbili za kuonjesha soko. Watu wakazishika, wakazigeuza, wakauliza huyu ndege ni wa nini, na maandishi haya ya mgongoni yanasema nini. Nikasema ni toleo maalumu. Nusu ya nchi ikanijibu nirudi nazo nilikozitoa, na ile nusu nyingine, ya wenye rangi nyekundu, haikutaka hata kuzigusa kwa kijiti. Nikarudi kwa laobani kumbembeleza azichukue zile elfu zilizobaki stoo. Akanijibu meiyou, yaani hamna, akarudi kwenye tambi zake. Basi nikazigawa. Leo ukipita Guangyuan Xilu utawaona wapagazi wa Kichina wanavuta marobota na korongo wako kifuani, nao hawana habari kwamba wanabeba mzigo wa aina mbili.

Jezi tano nilimpa Mzee Zubeir. Huyu ni mzee wa Kipemba mwenye duka la spea za simu hapahapa Dengfeng. Sikumpa kwa wema. Nilimpa kwa sababu ana mtoto wa marehemu kaka yake anaitwa Mwanahija, wa Wete, aliyekuja kusoma hapa kwa msaada wa masomo, naye Mzee Zubeir ndiye walii wake. Mwanahija nilimwona mara moja tu, amekuja dukani kwa ami yake kubadilisha kioo cha simu, akawa anasoma kitabu amesimama, watu wanampita kushoto na kulia na yeye habari hana. Nilirudi dukani kwangu nikamuuzia mteja suruali mbili kwa bei ya moja. Nampenda, Mwenyekiti. Sioni haya kuliandika hilo kwenye barua ya malalamiko, maana bila hilo malalamiko yenyewe yasingekuwapo.

Sasa Mzee Zubeir ni mtu ambaye havai kitu asichokijua. Akataka kujua korongo huyu ni wa nani. Kassian akatusomea jina, tukaitafuta timu mtandaoni, tukaanza kukaa kila Jumapili kwenye mgahawa wa Abdulsalam kuwatazama. Mechi ya kwanza mlifungwa nne bila. Ya pili mlifungwa tatu. Ya tatu mlitoka sare na mzee akasimama akapiga makofi. Nikajua yamemkuta.

Nikaona huu ndio wakati. Nikaandika barua ya posa kwa adabu zote, nikaifunga kwenye leso nyeupe, nikampa Abdulsalam, aliyekubali kuwa mshenga wangu, akaipeleka. Baada ya wiki mbili likaja jibu, limeandikwa kwa mkono na kupigwa mhuri wa duka:

"Posa yako tumeipokea kwa furaha. Jibu utalipata siku Korongo watakapopanda daraja. Wasalaam."

Nilicheka. Naapa nilicheka. Nilidhani ni suala la miezi tisa. Kwa hiyo, Mheshimiwa, baada ya miaka sita ya kucheka, naomba kuwasilisha malalamiko yangu kama ifuatavyo.

1. HISTORIA YENU HAITUTAJI. Kwenye tovuti yenu mmeandika historia ndefu ya klabu. Nilimwomba Kassian anitafsirie, na nilishangaa kidogo kwamba alinikabidhi siku ileile, kurasa ishirini na nane, zimechapwa na kubanwa pini; nikasema kweli Wahaya kwa kusoma Mungu kawajalia. Nimeisoma mpaka pini imelegea. Najua kwamba mlianzishwa 1957 na wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni. Najua mpira wenu wa kwanza ulitumbukia kwenye pipa la sabuni ya moto na mkacheza nao hivyohivyo, unateleza, mpaka mwisho wa msimu. Najua kiwanda kilifungwa 1991, na wafanyakazi waliokosa kazi wakakataa kuiachia timu, wakafanya mazoezi kwenye maegesho ya magari, na hapo nilifuta machozi kwa jezi yenu. Najua kimbunga cha 1998 kiling'oa paa la jukwaa likaangukia shamba la kabichi, na klabu ikamwandikia mkulima barua ya kuomba radhi. Mbwa aliyeingia uwanjani mwaka 1974 na kukaa golini mkampa aya nzima pamoja na picha. Lakini tawi la Xiaobei, lenye wanachama wanne wasiokosa na wengine saba wanaokuja kukiwa na wali, halimo. Hata mstari mmoja. Mbwa yule alikuja mara moja. Sisi tunakuja kila Jumapili.

2. VYOO. Hapa naomba ukae kitako, Mwenyekiti. Desemba 2019 mlimaliza ligi nafasi ya pili. Nafasi ya pili inapanda. Refa alipopuliza filimbi ya mwisho mimi nilikumbatiana na mpishi, na Abdulsalam alikuwa ameshavaa koti la kwenda kuchukua jibu langu. Kisha ikasomwa taarifa kwamba hampandi, kwa sababu leseni ya daraja la pili inataka uwanja wenye vyoo vya kutosha, na ninyi vyenu vimepungua. Vyoo! Nimeulizwa na watu wa heshima, na mashehe, kwa nini sioi. Nijibu nini? Wengine ndoa zao zimekwamishwa na mahari, na kabila, na maneno ya mashangazi. Yangu imekwama chooni. Mtu anayecheza mpira kwa dakika tisini na kupumzika kumi na tano, vyoo vyote hivyo vya nini? Si wajibane?

3. KIPA KURAMOCHI. Mwaka 2021 mlihitaji sare tu katika mechi ya mwisho. Dakika ya themanini na nane kipa wenu Kuramochi alimgonga mshambuliaji kwa bahati mbaya, refa akaacha mchezo uendelee, na Kuramochi, badala ya kuutafuta mpira, akamwinamia yule kijana kumwomba radhi. Mpira ukampita juu ya mgongo. Mimi nimelelewa na mama mwenye adabu, lakini kwetu radhi huombwa baada ya filimbi. Naambiwa kipa huyo mlimpa zawadi ya uungwana. Mimi hamkunipa kitu.

4. KUINAMA KWA JUMLA. Hili linahusiana na hilo la juu ila ni zito zaidi. Kila mnapofungwa, wachezaji wote hujipanga mbele ya mashabiki wao na kuinama mpaka kiunoni. Mwenyekiti, hii si haki. Shabiki anayo stahili yake. Akifungwa, atukane kidogo, apige meza, aseme namba sita kauza mechi, arudi nyumbani moyo mweupe. Mtu akishakuinamia utamtukana vipi? Yote yanabaki tumboni. Mimi nina vidonda vya tumbo ambavyo daktari wa hapa anasema ni pilipili, na mimi namwambia ni ninyi. Na ubaya zaidi, Mzee Zubeir kauiga mtindo huo. Nikimpelekea mshenga kumbembeleza alegeze sharti, anamsikiliza mpaka mwisho, kisha anainama. Abdulsalam amekwenda mara kumi na nne na kurudi na mainamo kumi na manne.

5. KOCHA WA MCHAKATO. Yule wa 2022 na 2023, aliyekuwa kila akifungwa anasema tuamini mchakato. Huyo sina la kusema, naogopa kufuru.

6. SARE YA MWAKA JANA. Mlifika fainali ya mtoano wa kugombea nafasi ya mwisho ya kupanda. Mkatoka sare ya bao moja kwa moja. Tukashangilia sana, tukaagiza soda, mpishi akalia. Ndipo Kassian, aliyekuwa akisoma kanuni kwenye simu yake kwa upole wa kuudhi, akatuambia kwamba kwenye mtoano sare inambeba aliyekuwa juu kwenye msimamo, na aliyekuwa juu si sisi. Nilikwenda kwa miguu kutoka mgahawani mpaka nyumbani bila kujua napita wapi. Nilijikuta nimesimama mbele ya duka la vifaa vya bafu, natazama vyoo dirishani.

7. MAMA YANGU. Mama yangu yuko Tanga, ana miaka sabini na mitatu, Japani haijui iko upande gani. Kila Ijumaa ananipigia simu, na kabla ya salamu anauliza Wajapani wamefikia wapi. Anawaombea dua baada ya kila swala, kwa majina, na majina yenyewe anayavuruga, lakini Mwenye kusikia anaelewa. Mnamtia bibi wa watu kazi ambayo ni ya kocha.

Utaniuliza kwa nini nalalamika leo, wakati mpo nafasi ya pili na zimebaki mechi nne. Ndiyo sababu hasa! Nawajua mkiwa nafasi ya pili. Nafasi ya pili yenu mimi inanitisha kuliko ya kumi na tisa. Na safari hii sina mwaka mwingine wa kuwapa. Mwanahija amemaliza shahada ya uzamili, amemaliza na udaktari wa mambo ya vyakula, viza yake inakwisha Desemba na tiketi ya kurudi Pemba imeshakatwa. Huko kuna daktari wa Chake Chake ambaye, nasikia, ameshapeleka leso yake. Yeye hakupewa masharti ya mpira. Mkishindwa mwaka huu mimi nimekwisha.

Kwa hiyo naleta kwako maombi yafuatayo. Lolote utakaloliweza kati ya haya litatosha.

Ombi la kwanza. Naomba cheti. Katika historia yenu, ukurasa wa kumi na moja, imeandikwa kwamba mwaka 1983 timu ilipanda kutoka daraja la pili la mkoa kwenda daraja la kwanza la mkoa. Sasa huko si kupanda? Tena zile jezi zangu, Kassian alipoyasoma maandishi ya mgongoni, yalikuwa yanasema "Hongera kwa kupanda daraja 2018". Kumbe mlizichapisha mapema, hamkupanda, mkazitelekeza kwa laobani wangu! Nilimpelekea mzee ushahidi huo. Akausoma, akaukubali, akauliza mhuri uko wapi. Basi niandikie karatasi moja tu: Tunathibitisha kwamba Korongo walipanda daraja. Usitaje mwaka. Usitaje daraja. Mhuri uwe wa duara na wino uwe wa zambarau, maana Mzee Zubeir mhuri wa mraba hauamini.

Ombi la pili. Iwapo tatizo bado ni vyoo, vyoo nitaleta mimi. Foshan ni hapa jirani, ndiko vinakotengenezwa vya dunia nzima. Nina jamaa anayechanganya kontena, atatupa nafasi kati ya vigae na mablanketi. Niambie tu idadi, na kama mnataka vya kukaa au vya kuchuchumaa. Fundi nitawapa pia.

Ombi la tatu. Iwapo hata vyoo havitoshi, naomba mshuke. Usishtuke, nifuate taratibu. Mzee kaandika "watakapopanda daraja". Hakuandika kutoka lipi. Mkishuka mwaka huu mpaka la nne, ambako mnaonekana mna kipaji chake, mwakani mtarudi la tatu, na kurudi huko ni kupanda. Kanuni nyingine mtajua wenyewe; fungweni zote nne kisha muombe kwa maandishi. Mwanahija nitamwomba aisogeze tiketi, na huyo daktari wa Chake Chake nitamwandikia barua nyingine.

Ombi la nne, na hili nimelifikiria sana. Njooni. Wewe, kocha, wachezaji ishirini na watano, na Kuramochi awe mbele. Mjipange hapa Dengfeng kwenye mlango wa duka la spea za simu, mchana, watu wakiona, na mumwinamie Mzee Zubeir wote kwa pamoja. Yeye ameinamia watu miaka mitano, hajawahi kuinamiwa. Najua hataweza. Mimi mwenyewe mliniinamia kupitia simu, kutoka nchi nyingine, na sikuweza kuwatukana. Chakula kitakuwa juu yangu, malazi nitawapanga: wanane kwangu, wanane stoo juu ya marobota ya jinzi za Xintang, waliobaki kwa Kassian.

Tafadhali jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Nisalimie namba tisa na goti lake. Msalimie Kuramochi, mwambie nimemsamehe nusu. Msalimie yule bibi anayeuza ngisi wa kuchoma mlangoni, tunayemwona kabla ya kila mechi, mwambie ile mitandio anayojifunga kichwani Mpemba mmoja wa huku ameisifu. Msalimie mkulima wa kabichi kama bado yu hai. Wazee wa kiwanda cha sabuni waliobaki, wasalimie mmoja mmoja, uwaambie kwamba hapa Guangzhou kuna mtu anayejua walichokifanya pale kwenye maegesho.

Ni mimi, ambaye hukumtafuta naye hakukutafuta, lakini sasa hana pa kwenda,

Sufian Mgaza
Katibu na mweka jezi, Tawi la Xiaobei

Nyongeza, Jumatano, 19 Novemba

Mheshimiwa Mwenyekiti, barua hii haikutumwa. Nilimpa Kassian aitafsiri. Kassian, ambaye nilidhani ni rafiki yangu, akaipeleka kwa Mwanahija.

Ijumaa iliyopita Mwanahija alikuja dukani na barua mkononi. Ameisahihisha kwa wino mwekundu kama kazi ya mwanafunzi wake. Mbwa aliingia uwanjani mwaka 1976, si 1974. Vyoo vilivyopungua vilikuwa thelathini na nne. Ukurasa wa 1983 ni wa kumi na mbili. Na daktari wa Chake Chake ameoa tangu 2022, ana mapacha. Nikamuuliza yeye haya ameyajulia wapi. Akaniambia zile kurasa ishirini na nane Kassian hakunitafsiria mimi. Alimtafsiria yeye, Machi 2019, wiki ile barua yangu ya posa ilipofika.

Lile sharti lilikuwa lake. Ami yake alimuuliza anasemaje, naye ndiyo kwanza amepata nafasi ya kusoma, na anajua kwao jibu likishatoka harusi ni baada ya miezi mitatu na vitabu vinakwenda kabatini. Kunikataa hakutaka. Akaitafuta historia ya hii timu ya kwenye jezi za ami yake, akaisoma yote kwa makini ya kitaalamu, alipofika panaposema vyoo vya uwanja havifiki idadi ya leseni akaona kupanda kwenu kutachukua miaka, akafunga karatasi akamwambia mzee andika hivi. Mzee aliandika na kupiga mhuri tu. Miaka yote ile alikuwa hawezi kulegeza sharti kwa sababu si lake, ndiyo maana anainama.

Mwanzoni Mwanahija alikuwa anawatazama kule bwenini kwake kila Jumapili kwa hofu msije mkashinda, na anaomba mfungwe. Yaani mama yangu Tanga anaomba mshinde, na huyu hapa anaomba mfungwe. Sasa naelewa zile sare zote. Nikamuuliza na mwaka jana, ile moja kwa moja? Akaiweka kalamu mezani. Akasema mwaka jana alilia, na hakujua analia kwa ajili ya chuo, au ya timu, au yangu. Nilikuwa nimemkasirikia kwa kama dakika kumi hivi, nimeshapanga na maneno. Yakaniishia pale.

Tasnifu yake imepita. Jibu limetoka, ndiyo, na mhuri upo. Kwa hiyo madai yangu yote nayafuta, pamoja na cheti, na kushuka daraja, na kuja kuinama. Limebaki la mbwa tu. Mama nimempigia, amepiga vigelegele, kisha akauliza kama bado awaombee Wajapani au apumzike.

Nikahi imepangwa hapa kwa Abdulsalam, Jumapili tarehe 30 Novemba, baada ya adhuhuri. Shehe ameshaambiwa, mchele umeshanunuliwa. Jana jioni ndipo Mwanahija alipogundua kwamba siku hiyo, saa hiyohiyo, ninyi mnacheza mechi ya mwisho. Aliyeomba harusi isogezwe si mimi, Mwenyekiti. Ni yeye. Anasema kauangalia mpira huu miaka sita, hawezi kukaa chumbani amefunikwa uso huku hajui matokeo.

Lakini kabla ya hapo mna mechi ya tarehe 23, Jumapili hii, na tangu niandike barua mmeshafungwa mbili mkaporomoka mpaka nafasi ya sita, ya mwisho ya mtoano. Mkifungwa hiyo, mnatupwa nafasi ya nane, mtoano umewapita, ya tarehe 30 inakuwa haina maana, na mimi naoa Jumapili kama binadamu wengine. Kwa hiyo niliandika hapa ombi fupi: tafadhali, tarehe 23 fungweni. Ni kazi mnayoiweza.

Nimeikalia sentensi hiyo tangu asubuhi. Nimewafikiria wale wazee kwenye maegesho. Nimeikata kwa wino mwekundu, kalamu aliisahau hapa. Msifungwe, Mwenyekiti. Nimeshazungumza na shehe. Harusi ni Jumatatu.